Sura ya Nne: Wote ni Nani?

Swali linalorudi kila mara

Wananchi wanaohudhuria mikutano ya vijiji, wanaosubiri zamu kwenye zahanati au wanaojadiliana kwenye vijiwe vya bodaboda hurudia, kwa maneno tofauti, swali moja: ikiwa jambo limetangazwa kuwa ni la watu wote, kwa nini haliwafikii wote? Kanuni imesema gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini viazi vinaendelea kuondoka shambani vikiwa vimefungwa lumbesa. Sheria imesema bima ya afya ni kwa wote, lakini ziko kaya ambazo hazijawahi kuiona kadi yake. Ripoti zimesema lishe ya watoto nchini inaendelea kuwa bora, lakini yupo mama ambaye kila akienda kliniki anaonyeshwa kwamba mwanawe haongezeki kimo. Wanaouliza hivyo huambiwa mara nyingi wawe na subira, kana kwamba kinachokosekana ni muda peke yake, ilhali swali lao lina uzito wa kutosha kujibiwa kwa makini: jambo kuwahusu watu wote maana yake nini hasa, na mtu atajuaje kama kweli linawahusu wote?

Sura hii inalijibu swali hilo kwa kuutazama zaidi mkoa wa Njombe, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Iringa. Mkoa huo unafaa kwa kazi hiyo kwa sababu umekusanya mambo ambayo mahali pengine hukaa mbalimbali: ardhi ya baridi inayokubali viazi, chai, parachichi na miti ya mbao, mji wa Makambako, ambako barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma na reli ya TAZARA hukutana na barabara iendayo Njombe na Songea, na vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Ludewa, ambavyo baadhi yake hufikiwa kwa mashua kwa urahisi zaidi kuliko kwa gari. Kauli yoyote inayodai kuwahusu watu wote wa mkoa huo inalazimika kupita Makambako, penye malori na pilikapilika usiku kucha, na kufika pia katika mwambao huo.

Kauli za aina tatu

Sehemu kubwa ya mkanganyiko hutokana na kuchanganya kauli ambazo kwa sura zinafanana lakini kwa kazi zinatofautiana. Kauli hizo ni tatu:

- Kauli ya maelezo, ambayo husema hali ilivyo, kwa mfano kwamba vijiji vyote vya wilaya fulani vina umeme.
- Kauli ya amri, ambayo husema watu wote wanapaswa kufanya nini, kwa mfano kwamba kila dereva wa pikipiki na abiria wake wavae kofia ngumu.
- Kauli ya ahadi, ambayo husema watu wote watapata nini, kwa mfano kwamba kila mwenye virusi vya UKIMWI atapewa dawa.

Kauli ya maelezo huvunjwa na mfano mmoja tu unaokwenda kinyume, kwani kikipatikana kijiji kimoja kisicho na umeme, kauli kwamba vijiji vyote vina umeme si kweli, na haisaidii kitu kusema kwamba vingine vyote vinao. Kauli ya amri haivunjwi kwa namna hiyo, kwa sababu dereva wa bodaboda anayekwenda bila kofia, huku amejifunika koti zito kwa baridi ya asubuhi ya Njombe, hafanyi sheria kuwa ya uongo. Yeye ndiye mwenye kosa, na sheria inabaki pale pale. Kauli ya ahadi nayo ina tabia yake: asipoipata mtu mmoja, ahadi imevunjwa kwake yeye, hata kama imetimizwa kwa jirani zake wote, na mwenye deni ni yule aliyeahidi.

Tofauti hizo zina matokeo makubwa katika maisha ya kila siku, kwa kuwa viongozi na wananchi hujibizana mara nyingi wakiwa kila mmoja ameishika kauli ya aina yake. Mwananchi anapolalamika kwamba ahadi haikumfikia, na kiongozi akamjibu kwa maelezo ya idadi ya waliofikiwa, wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli na bado swali la mwananchi likabaki bila jibu.

Amri: gunia la viazi

Mfano ulio wazi zaidi wa amri inayowahusu watu wote, na ambao mkulima wa Njombe anaufahamu kuliko wakili yeyote, ni marufuku ya lumbesa. Lumbesa ni gunia linalojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa juu kipande cha gunia jingine au wavu, viazi vikapangwa humo mpaka vikatuna kama kilima, na vyote vikashonwa kwa kamba. Bei hupatanwa kwa gunia, wala si kwa kilo, kwa hiyo mnunuzi hulipa gunia moja na kuondoka na zaidi ya gunia moja, mpakiaji hubeba mgongoni uzito unaomvunja kiuno, na halmashauri inayotoza ushuru kwa kuhesabu magunia hupoteza sehemu ya mapato yake. Kanuni za vipimo zimeweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia, na Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kusimamia.

Kinachofundisha hapa ni sababu ya mkulima mmoja kushindwa kujilinda kwa juhudi zake mwenyewe. Mkulima anayekataa kufunga lumbesa peke yake hapati bei nzuri zaidi, bali humwona mnunuzi akigeuza lori na kwenda shamba la pili, huku viazi vyake vilivyokwisha kuchimbwa vikianza kugeuka kijani kwa jua au kuoza kwa mvua. Mwenye ada za shule za kulipa hawezi kushindana kwa subira na mwenye lori. Amri inapokuwa ya wote, kwa maana ya wakulima wote, wanunuzi wote, madalali wote na wilaya zote zinazolima viazi, mkulima haingii tena katika ugomvi huo, kwa sababu mnunuzi hana shamba la pili la kukimbilia. Ndiyo kusema kwamba baadhi ya kanuni hazina thamani hata kidogo zikimhusu mtu mmoja mmoja, na thamani yake yote imo katika kuwahusu wote kwa pamoja.

Kutokana na hilo hufahamika pia kwa nini utekelezaji wa vipande vipande huumiza zaidi ya kutokuwa na kanuni. Halmashauri moja ikikaza na ya jirani ikalegeza, wanunuzi huhamia kwa jirani, na wakulima wa halmashauri iliyotii sheria ndio wanaobaki na viazi vyao. Vivyo hivyo, msako ukifanyika barabarani dhidi ya mwenye mzigo mdogo na kuyaacha malori yanayojulikana, wananchi hujifunza kwamba kanuni ni ya wasio na mtu wa kumpigia simu. Amri haiuawi na mvunjaji mmoja, kwani wavunjaji wako katika kila jamii. Huuawa pale ambapo wavunjaji fulani wanajulikana na hakuna kinachowafika.

*Kwa ufupi: amri ni ya wote pale inapowabana wenye nguvu ya kuikwepa sawasawa na inavyowabana wasio nayo.*

Maelezo: wastani na mtoto mmoja

Kauli za maelezo hupoteza watu wengi kwa njia ya wastani. Wastani ni hesabu inayopatikana kwa kujumlisha hali za watu wengi na kuzigawanya kwa idadi yao, na faida yake ni kuonyesha mwelekeo wa kundi zima; hasara yake ni kwamba huweza kuwa sahihi kabisa bila kumfanana mtu hata mmoja ndani ya kundi hilo. Pamoja na wastani, iko pia tofauti kati ya sifa ya kundi na sifa ya kila mmoja aliyemo. Kusema kwamba Njombe ina chakula kingi ni kuusifu mkoa kwa ujumla wake, na sifa hiyo ni ya kweli, kama yanavyoshuhudia malori ya viazi, mahindi na parachichi yanayoshuka kuelekea Makambako. Kusema kwamba kila mtoto wa Njombe anakula inavyompasa ni kauli nyingine kabisa, na hiyo si kweli.

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa na udumavu, kutoka asilimia 34 katika utafiti wa 2015/16. Udumavu ni hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara, na madhara yake huugusa pia ukuaji wa akili. Nchi ilikuwa imepiga hatua, na hatua hiyo haipaswi kubezwa. Lakini katika mkoa wa Njombe, utafiti huo huo ulikuta kwamba takribani nusu ya watoto walikuwa wamedumaa, kiwango ambacho ni miongoni mwa vikubwa zaidi nchini na kinachoonekana pia katika mikoa jirani inayolisha miji, ukiwamo Iringa.

Msomaji anayeishi mbali na shamba huenda akashangaa, lakini anayeijua siku ya mama wa Nyanda za Juu Kusini hatashangaa sana. Mama huyo huondoka alfajiri, hufanya kazi ya jembe au ya kuchuma chai mpaka mchana, na mtoto aliyebaki nyumbani na dada yake mdogo hulishwa uji wa mahindi mtupu au kiazi cha kuchemsha mara mbili kwa siku, wakati umri wake unamtaka ale kidogo kidogo mara nyingi zaidi, pamoja na maharage, mboga, maziwa, mayai na mafuta. Tumbo la mtoto limejaa na mwili wake una njaa. Parachichi bora limekwenda sokoni, kwa kuwa pesa yake ndiyo inayonunua daftari na sabuni, na hakuna haki ya kumlaumu mzazi kwa hesabu hiyo pasipo kuiangalia hesabu yake yote.

Kwa hiyo mtaalamu au kiongozi anayesema kwamba hali ya lishe imeboreka anawajibika kuongeza maneno machache yanayobadilisha kila kitu: imeboreka wapi, kwa akina nani, na nani hajaguswa na kuboreka huko. Pasipo maneno hayo, mafanikio ya mahali pengine huwa pazia linalomfunika mtoto wa Wanging'ombe au Makete mkoani Njombe.

Ahadi: dawa kwa kila mwenye virusi

Ahadi nzito kuliko zote zilizowahi kutolewa kwa wakazi wa Njombe na Makambako ni ile ya matibabu ya virusi vya UKIMWI, na inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu mkoa huo umekuwa na kiwango kikubwa cha maambukizi kuliko mikoa mingine nchini katika tafiti kadhaa mfululizo. Utafiti wa 2011/12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakiishi na virusi, wakati kiwango cha kitaifa kilikuwa asilimia 5.1; utafiti wa 2022/23, uliohesabu watu wote wa miaka 15 na kuendelea, ulikuta asilimia 12.7 mkoani Njombe na asilimia 4.4 kitaifa. Sababu zinazotajwa ni pamoja na mwingiliano wa njia kuu pale Makambako, vibarua wanaohama kufuata mashamba ya chai na miti ya mbao, na wenza wanaoishi mbalimbali kwa miezi mingi kwa ajili ya kazi.

Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2004, hazikuwa za kila mwenye virusi. Sharti lilikuwa kiwango cha CD4, yaani hesabu ya aina mojawapo ya chembe za kinga katika damu: mgonjwa aliyeshuka chini ya 200 alianzishiwa dawa, na ambaye hakufikia hapo, kama hakuwa na maradhi mazito, aliambiwa aendelee kuja kupimwa. Mtu alilazimika kuugua kwanza ndipo astahili. Kadiri ushahidi ulivyoongezeka ulimwenguni kwamba kuanza mapema huokoa maisha na hupunguza maambukizi, kiwango kilipandishwa hadi 350 na baadaye 500, na mwaka 2016 Tanzania, ikifuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015, iliondoa sharti hilo. Tangu hapo kila anayegundulika ana virusi anapaswa kuanzishiwa dawa, bila kujali hesabu ya kinga zake. Kwa maandishi, ahadi ilikuwa imekamilika.

Kilichofuata kinaonyesha kazi inayoanza pale maandishi yanapokamilika. Utafiti wa 2022/23 ulipima ahadi hiyo kwa hatua tatu, na matokeo ya kitaifa kwa watu wazima yalikuwa kwamba takribani asilimia 83 ya wenye virusi walijua hali zao, asilimia 98 ya waliojua walikuwa kwenye dawa, na asilimia 94 ya waliokuwa kwenye dawa walikuwa na virusi vilivyofubazwa. Asilimia 98 ni mafanikio ya kujivunia, na wahudumu wa kliniki za tiba na matunzo, ambazo watu huziita CTC, wanastahili heshima kwa hilo. Hata hivyo msomaji makini ataona kwamba asilimia hiyo haikuhesabiwa kwa wenye virusi wote; ilihesabiwa kwa waliokwisha kujua. Asiyejua hakuhesabiwa katika hatua ya pili, na aliyejua lakini hakuanza dawa hakuhesabiwa katika hatua ya tatu. Hatua hizo zikizidishwa pamoja, waliofubaza virusi ni robo tatu na ushei tu ya wenye virusi wote. Kila idadi inayotolewa kwa asilimia, basi, ina swali lake la lazima: asilimia ya akina nani?

Wanaobaki nje ya hesabu hizo wana sura zinazojulikana. Wanaume hupima kwa uchache kuliko wanawake, kwa kuwa mwanamke hupimwa anapokwenda kliniki ya wajawazito, na mwanamume hana safari ya lazima inayofanana na hiyo. Dereva wa lori anayelala Makambako saa sita usiku na kuondoka saa kumi alfajiri hupita wakati kliniki imefungwa, akaamkia mkoa mwingine. Kibarua wa kupasua mbao akihamia msitu mwingine huacha jalada lake kwenye kituo ambacho hatarudi, na humwia vigumu kujieleza upya mbele ya watu asiowajua. Kijana wa miaka 16 alikuwa na kikwazo cha kisheria, kwani Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilimtaka aliye chini ya miaka 18 awe na ridhaa ya mzazi au mlezi ili apimwe. Bunge lilishusha umri huo hadi miaka 15 mwaka 2019 na kuruhusu pia mtu ajipime mwenyewe. Dawa zilikuwepo muda wote huo, na zilikuwa bure, lakini kijana aliyeogopa kumwambia baba yake hakuwa miongoni mwa wote.

Marekebisho yaliyozaa matunda ni yale yaliyoanza kwa kumtafuta aliyekosekana: wahudumu wa ngazi ya jamii wanaomfuata mgonjwa aliyekosa tarehe yake, huduma za jioni na za kutembea kwenye vituo vya malori, na utaratibu wa kumpa mgonjwa aliye imara dawa za miezi kadhaa ili asilipe nauli kila mwezi. Hakuna kati ya hayo lililobadilisha neno hata moja katika ahadi yenyewe. Yaliibadilisha njia inayotoka kwenye dirisha la dawa hadi mlangoni kwa mtu.

*Kwa ufupi: ahadi kwa wote hupimwa kwa kuhesabu waliokosa, na waliokosa hawaji wenyewe kuhesabiwa.*

Masharti yaliyovaa sura ya wote

Ziko kanuni ambazo hazimtaji yeyote kwa kumtenga, na bado huwatenga wengi. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, mpiga kura alipaswa kuwa na umri wa miaka 21 na ama awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, ama elimu ya kufikia darasa la nane, ama awe na wadhifa uliotambuliwa. Zaidi ya hayo, kila mpiga kura alilazimika kuchagua wagombea watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Hakuna kabila lililokatazwa kwa jina, lakini mkulima wa ulezi na mahindi wa Ubena, katika Njombe ya leo, asiye na cheti wala mshahara hakuwa na njia ya kutimiza sharti hata moja. Chama cha TANU kilikubali kushiriki katika uchaguzi huo kwa uamuzi wa mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, kikaushinda, na baada ya uhuru kura ikawa ya kila mtu mzima.

Kanuni nyingine huwatendea wote sawasawa kwa kiasi, na huwalemea tofauti kwa uzito. Kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliiita kodi ya kichwa na iliyofutwa mwaka 2003, inakumbukwa vijijini kwa misako ya mgambo na kwa wanaume waliolala porini, kwa sababu asiye na mfuko alidaiwa sawa na mwenye duka. Swali hilo hilo linarudi katika bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, kiasi ambacho kwa mfanyabiashara wa mbao wa Makambako ni mafuta ya safari moja fupi, na kwa bibi anayelea wajukuu yatima ni mauzo ya msimu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Zanzibar ina sheria na mfuko wake, kwa kuwa afya si jambo la Muungano. Nchi nyingine zimechagua njia mbalimbali: Uingereza tangu Julai 1948 hugharimia matibabu kwa kodi zaidi, na Kenya tangu 2024 hutoza asilimia 2.75 ya kipato. Njia hizo zote zina matatizo yake, lakini zinakubaliana kwa jambo moja ambalo mwandishi yeyote wa sera hapaswi kulisahau, nalo ni kwamba mchango unaofuata uwezo ndio unaowezesha huduma kufuata mahitaji. Kwa Tanzania, hatima ya neno lililomo katika jina la sheria hiyo itaamuliwa na mfuko wa wasio na uwezo, yaani na ubora wa orodha ya kaya maskini, na uaminifu wa wanaoiandika.

Isipokuwa

Je, jambo likiwa na watu walioondolewa, linakoma kuwa la wote? Jibu hutegemea msingi wa kuondolewa kwao. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamewekewa na sera msamaha wa kulipia matibabu, na msamaha huo hauvunji usawa, kwa kuwa unategemea hali ambayo mtu yeyote huipitia au anaweza kuipitia, umetangazwa wazi, na sababu yake inaelezeka mbele ya anayelipa. Msamaha unaotolewa kwa jina la mtu, kwa simu, au kwa undugu hauna hata moja ya sifa hizo tatu.

Kipimo hicho hicho huonyesha upungufu wa baadhi ya kanuni zilizodumu muda mrefu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati umri wa mvulana ulikuwa 18. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, ambayo ibara yake ya 13 inataka watu wote wawe sawa mbele ya sheria, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo Oktoba 2019. Elimu nayo, iliyotangazwa kuwa ya wote kwa Azimio la Musoma la 1974 na kuondolewa ada hadi kidato cha nne kuanzia 2016, ilikuwa na mlango uliofungwa kwa msichana aliyepata mimba, mpaka Novemba 2021 serikali iliporuhusu arudi katika shule ya kawaida baada ya kujifungua. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, mvulana aliyehusika na mimba hiyo angeweza kuendelea na darasa lake, na hakuna maelezo ya kuridhisha yanayoweza kuitetea tofauti hiyo.

Pa kuulizia

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mara nyingi husemwa kama lawama kwa aliyekosa kuhudhuria. Lakini kwa mwenye dhamana ya kuwahudumia watu wote, kukosekana kwa mtu ndiko kunakompa kazi ya kufanya. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imeweka Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliofikia umri wa miaka 18, wenye cheo na wasio nacho, na ambao unapaswa kuitishwa walau mara moja kila miezi mitatu. Msomaji wa Makambako, wa Lupembe au wa mwambao wa Ludewa anayesikia likisomwa tangazo lenye ahadi kwa wote ana haki ya kusimama katika mkutano huo, bila kuomba radhi, na kuuliza waliokosa ni akina nani, wanaishi kitongoji gani, na nani ametumwa kwenda kuwatafuta. Na akishauliza, aombe majibu yaandikwe kwenye muhtasari, ili mkutano unaofuata uanzie hapo.